Ruta za Bi Rahila

Chumbageni wanamjua Rahila Jaku kama yule mama wa Kipemba mwenye nguzo ya chuma juu ya bati. Mimi namjua tangu mwaka 1982, tulipoajiriwa siku moja kituo cha simu hapa Tanga, yeye fundi mitambo, mimi fundi wa nyaya. Ilikuwa miaka ya foleni za sabuni na unga, na vipuri haviji. Mtambo ukiharibika, wenzetu waliandika barua Dar es Salaam wakakaa kusubiri. Rahila alifungua mitambo mitatu mibovu, akatoa vilivyo vizima, akaunda mmoja unaoita.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, kampuni mpya za simu zikaja, na sisi tukapunguzwa kazini. Nikafungua kibanda cha kutengeneza redio Ngamiani. Rahila akanunua kompyuta ya mtumba iliyopita mpakani Horohoro ikitokea Mombasa, akaanza kujifunza peke yake. Watu walisema mama mzima anacheza.

Mwaka 2006 zahanati moja ndogo ya Ushongo ilitaka intaneti ya kuulizia madaktari wa Pangani. Tulifunga ruta mbili, vile visanduku vya kupitisha intaneti hewani, moja huku kwenye nguzo ya Rahila, moja kule juu ya paa la zahanati, zikitumia umeme wa sola. Wiki haikuisha, muuguzi Beatrisi akapiga simu.

"Shikamoo mama. Imeganda tena."

"Marahaba, mwanangu. Betri ilishuka?"

"Ilishuka, ikapanda. Lakini ruta haikuamka mpaka nilipopanda ngazi nikachomoa waya."

Beatrisi alikuwa mjamzito wa miezi saba. Rahila alikata simu akaniambia, "Uweso, yule hapandi ngazi tena."

Kasoro ilikuwa kwenye programu ya kiwandani, nayo ilikuwa imefungwa, huwezi kugusa kitu. Rahila alikuwa amesoma habari za mfumo wa bure wa kuendeshea ruta, uliotengenezwa na watu wa nchi mbalimbali. Maandishi yake yote yako wazi. Unachagua aina ya ruta yako, unachagua unachotaka kiwemo na unachotaka kitoke, na kompyuta inakupikia programu nzima, faili moja, unaipandisha kwenye ruta badala ya ile ya kiwandani. Alikwenda intaneti kafe siku nne mfululizo kuupakua, akautia kwenye sidii.

Kompyuta yake ilianza kupika baada ya sala ya alfajiri, ikamaliza alasiri. Faili likatoka megabaiti tano. Ruta ina nafasi ya nne.

"Basi tena," nikasema.

"Basi nini? Humu mna mambo ya printa. Ushongo kuna printa?" Akatoa ya printa, akatoa na mengine, moja moja, kila mara akipika upya, mpaka faili likaenea. Mahali palipobaki akatia kijiprogramu chake mwenyewe: kila dakika ruta iite mwenzake, ikikosa jibu mara tano ijizime na kujiwasha.

Tukalipandisha kwenye ruta ya huku kwanza. Taa nyekundu ikawaka, ikabaki hapo hapo. Ruta imekufa. Nilicheka, na leo naona haya kwa kicheko kile.

"Niwache kwanza," akasema. Akafungua skrubu, akaona matundu manne madogo kwenye bodi, akalehemu nyaya, akaziunganisha na kompyuta. Maandishi yakaanza kushuka kwenye kioo. Ruta ilikuwa inasema inachoumwa: kumbukumbu yake ilikuwa ya aina ambayo mfumo hauijui. Siku tisa Rahila alisoma na kujaribu. Mistari kumi na mmoja aliyoongeza kwenye maandishi ya mfumo ndiyo iliyoifufua. Tukaipandisha programu ile na kwenye ruta ya Ushongo.

Mistari ile hakuificha. Aliwatumia wenye mfumo. Mmoja wao akajibu kwamba wenye ruta kama hiyo walikuwa wamekwama kwa miezi, na toleo lililofuata lilikuja na jina lake kwenye orodha ya waliochangia. Nililichapisha jina lile nikalibandika kibandani. Wateja wakiniuliza, nawaambia nilifanya kazi na huyu miaka kumi na saba, kituo kimoja.

Masika yaliyofuata betri ya Ushongo ilishuka, ikapanda, asubuhi moja ya mvua. Beatrisi, mtoto mgongoni, alikuwa akimwandikia daktari kuhusu mzee aliyeumwa na nyoka. Mawasiliano yakakatika. Alijaribu tena na tena, kisha akasimama kutafuta mtu wa kupanda ngazi, na kabla hajafika mlangoni taa ya kijani ikarudi. Jibu la daktari likaingia.

Beatrisi alipotusimulia, Rahila aliuliza kwanza hali ya mzee. Alikuwa mzima. Ndipo akauliza ruta ilichukua dakika ngapi kurudi.

"Kama sita hivi, mama."

"Nyingi," akasema, akavuta kiti mbele ya kompyuta, na nikaona anatabasamu.