Ukurasa wa Kumi na Mbili

Mama mdogo ana miaka arobaini na mmoja na bado ni mwanagenzi. Aliosoma nao wana wajukuu. Yeye ana kitabu. Kina kurasa kumi na mbili, kila ukurasa kazi moja: kuchekecha mchanga, kuloweka chokaa, kufunga jukwaa, na kuendelea. Ukiiweza kazi, fundi wako anatia sahihi. Kumi na moja zimeshajaa. Wa kumi na mbili, wa kupiga plasta ya chokaa ukuta mzima peke yako, umekaa mweupe miaka minne.

Pale wanapokarabati mahakama ya zamani, kanuni ni kitabu kimoja, fundi mmoja. Fundi akiondoka, kitabu kinakufa, unarudi ukurasa wa kwanza kama mtoto wa chekechea. Na fundi wake, fundi mkuu, alikuwa anastaafu Ijumaa.

Mtihani wenyewe ni wa masikio. Plasta ikishakauka, fundi anaigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Iliyoshika jiwe hutoa sauti kali, fupi. Iliyoachana na jiwe huvuma, kama debe lililojaa matambara.

Sasa, fundi mkuu sauti kali hazimfikii tena. Simu yake hulia na kutetemeka mfukoni mpaka ikachoka, yeye anakung'uta suruali akidhani ni mdudu. Kwake kila ukuta unavuma. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu mwenyewe asiposikia, guu la nani linavunjika, hapo walinyamaza.

Mama mdogo alilijua hilo tangu ukuta wake wa kwanza ulipokataliwa. Mimi nabeba mchanga palepale, nikamuuliza kwa nini haendi kusema ofisini.

"Nikisema wanamwondoa leo. Kitabu changu je?"

"Basi mwambie mwenyewe."

"Mtu aliyenishika mkono kunifundisha mwiko, nimwambie wewe kiziwi? Hiyo nusu diploma yako ndiyo iliyokufundisha adabu hiyo?"

"Adabu ilikuwa muhula wa mwisho, mama mdogo. Sikufika."

Alhamisi asubuhi fundi mkuu alipanda ghorofani, chumba cha hakimu, kuukagua ukuta wake wa tatu. Alifumba macho. Akagonga, akategesha sikio la kushoto. Mama mdogo alikuwa anamtazama mdomo.

"Binti, inavuma."

"Jaribu pale juu, Fundi," alisema kwa nguvu, karibu na sikio.

"Usinipigie kelele, nasikia." Akagonga juu. Akagonga pembeni, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. "Hata huku. Bomoa, upige upya."

"Kesho ni Ijumaa, Fundi."

"Najua. Chokaa haijui Ijumaa."

Hakusema kwa ubaya. Alimpangusia vumbi begani, kama alivyozoea, akashuka.

Niliugonga ule ukuta mwenyewe. Ulilia kama jino zima likigongwa kwa kijiko.

"Mama mdogo, uache. Fundi mpya atausikia."

"Aliyesema bomoa ndiye fundi wangu." Alikuwa ameshaokota tindo na nyundo. "Ukuta wa pili niliuacha wiki nzima nikingoja abadili neno. Wakaniandikia barua ya ukaidi. Barua ya pili nafukuzwa."

Plasta mbovu hubanduka vipande vizima. Kufikia chai umemaliza. Yake ilikataa. Mpaka jioni alikuwa ametoa kipande cha ukubwa wa sinia, na tindo moja imepinda.

Ijumaa mchana tulimuaga fundi mkuu uani, chini ya dirisha la chumba kile. Meneja wa mradi alisoma hotuba huku akipaza sauti kuushinda mlio wa nyundo. Kila mtu alikuwa anatupa jicho juu. Mhasibu aliuliza nani huyo asiye na heshima. Fundi mkuu peke yake ndiye aliyetulia kitini, mikono magotini, akitabasamu. Mwisho alizungusha macho akaniuliza, "Binti yangu yuko wapi? Mbona hakuja kuniaga?"

Nilimwonyesha dirisha kwa kidole. Alitazama, akapunga mkono. Nyundo haikusimama.

Jumatatu fundi mpya, kijana wa rika langu, alimpa mama mdogo kitabu kipya na chekeche.

"Ushawahi kuchekecha mchanga, mama?"

"Nielekeze," alisema, akainama karibu yangu.