Mbegu ya Shamba la Juu

Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja, huwa najiuliza anatafuta nini. Wajukuu wangu wananicheka kwa hilo. Wanasema bibi anaikagua shikamoo kama mtu anayekagua nyanya sokoni, anaigeuza kwanza atazame chini yake. Nawaacha wacheke. Wao hawakuwapo mlimani zamani za Mjerumani, mama yangu alipokuwa akipita njiani asubuhi na watu wakainama ghafla kukaza kamba za mizigo iliyokuwa imeshafungwa.

Tulikaa Uluguru, upande unaotazama mji wa Morogoro, katika kijiji kilichokuwa karibu na misheni. Padri mmoja ndiye aliyeleta mbegu ya viazi ulaya, hivi ambavyo sasa mnaviita viazi mviringo. Wazungu wa mjini walivipenda, hasa reli ilipofika, na wanawake wa kwetu walivibeba kichwani kwa matenga hadi bomani. Kodi ya nyumba ilitoka humo. Kwa hiyo viazi vikidumaa, hatukuwaza njaa peke yake, tuliwaza na watu wa jumbe watakaokuja kugonga mlango.

Kwetu ardhi ni ya ukoo, na ukoo ni wa mama. Baba alikuja kuoa akalima ardhi ya mkewe, kama walivyofanya wanaume wengine wote pale. Aliyegawa mashamba alikuwa mjomba, kaka mkubwa wa mama. Ndugu wengine aliwapa mashamba ya chini, yenye joto na udongo mzito. Mama alipewa la juu kabisa, ukingoni mwa msitu, penye ukungu na upepo wa kukausha midomo. Mama mdogo, yule anayemfuata mama kuzaliwa, alicheka akasema, "Dada, huko utavuna umande." Mama alitwaa jembe lake akapanda kwenda kulitazama. Mimi nilikuwa msichana niliyekwisha kutolewa mwali, nalima bega kwa bega na mama, na tangu siku ile nilishuku kwamba walimpa shamba lile kwa sababu walijua hatalalamika.

Kwa misimu kadhaa viazi vilikubali kote, juu na chini. Kisha vya chini vikaanza kubadilika. Majani yalijikunja kwa ndani kama kiganja cha mtu anayeficha kitu. Mashina yakabaki mafupi, na ukichimba unapata vijiazi vya ukubwa wa mayai ya njiwa. Vile vichache vikubwa vilikwenda mjini, maana Mzungu hanunui vidogo, na vidogo ndivyo tulivyobakiza kwa mbegu. Kila msimu hali ilizidi kuwa mbaya.

Watu wakaanza kutafuta mkosaji. Kwanza walimshuku padri, kwamba alitupa mbegu iliyochoka akajiwekea iliyo nzuri. Lakini bustani ya misheni nayo ilijikunja, na padri akaonekana akiichungulia kwa uso wa mtu aliyefiwa, basi wakamwachia. Mimi mwenyewe nilimwonea mashaka kidogo zaidi kuliko wengine, kwa sababu sikuwahi kumwona mtu akisikitikia majani kiasi kile.

Siku nyingi nilishuka kumsaidia mama mdogo kupalilia. Nikigeuza jani nilikuta chini yake vidudu vya kijani, laini, vidogo kama punje za ulezi, vimebanana hapo, na sisimizi wakipita kati yao kama wachungaji. Mikono yetu ilinata. Tuliipangusa kwenye kaniki tukaendelea na kazi. Tulimshuku kila kiumbe mwenye miguu miwili, na wale wadudu hatukuwatazama mara ya pili.

Shamba la mama likabaki zima. Kule juu majani yalikunjuka mapana, meusi kwa ubichi, na tenga lake lilipoteremka lilikuwa zito la kutosha kumfanya apumzike njiani. Mara ya kwanza watu walimpongeza. Mara ya pili wakamuuliza anaweka nini. Mara ya tatu hawakuuliza kitu, na hapo ndipo nilipoogopa. Siku hizi mnasema chuma ulete. Wakati ule walisema anavuta, kwamba viazi vya wenzake vinapita chini ya ardhi kwenda kwake. Mama mdogo alikuwa wa kwanza kuacha kumsalimia. Mdogo wake wa tumbo moja, ambaye walikuwa wakisukana nywele, akawa anapita upande wa pili wa njia akitazama miguu yake.

Zamani mtu aliyeshukiwa hivyo angenyweshwa mwavi, ile sumu ya kiapo, akitapika ameokoka, akifa alikuwa mchawi. Wajerumani walikuwa wameukataza, na aliyemnywesha mwenzake angetiwa mnyororo. Lakini hawakukataza kufukuzwa. Na mwanamke wa Kiluguru akifukuzwa kwenye ardhi ya ukoo wake, hana pengine. Kwa mumewe hana shamba, kwa sababu mumewe naye ni mgeni pale pale. Baba alilijua hilo, akaanza kuacha chakula chake nusu.

Mjomba alimwita mama uani kwake, nami nikamfuata.

"Mdogo wangu, watu wanauliza," alisema.

"Wanauliza nini, kaka?"

"Kwa nini kwako tu."

"Na mimi najiuliza," mama alisema. "Basi chukueni mbegu yangu mkaipande chini. Nami nipeni yenu nikaipande juu, katikati ya viazi vyangu. Kama kuna kitu shambani kwangu, kila mtu atakiona."

Nilijivunia mama siku ile. Niliona amewabana. Mjomba alikubali, na mbegu zikabadilishwa mbele ya watu, kila mmoja akichungulia kikapu cha mwenzake.

Mbegu ya mama iliota vizuri kule chini. Mama mdogo alianza hata kutabasamu akiwa peke yake. Kisha, kabla ya maua, majani ya nchani mwa mashina yakaanza kujikunja, na ilipopandwa tena msimu uliofuata ilitoka imedumaa kama nyingine zote. Mbegu yao kule juu ilichomoza ikiwa imejikunja tangu mwanzo, ikabaki hivyo. Lakini lililowashtua watu lilikuwa jingine. Matuta yale yenye ugonjwa yalikaa katikati ya matuta ya mama, majani yakigusana, na viazi vya mama havikuambukizwa. Watu walipanda hadi kule kuja kutazama, wakasimama na khanga midomoni. Mbegu njema ikienda kwao inakufa, mbegu yao ikija kwake inamkwepa. Wakataka ushahidi gani tena?

Mjomba alitoa neno lake. Msimu unaokuja, shamba la mama likistawi na ya wenzake yakifa, atoke kwenye ardhi ya ukoo.

Miaka mingi baadaye, Mjerumani ameshaondoka na Mwingereza naye akielekea kufunga mizigo, bwana shamba mmoja kijana alikuja kutukusanya. Alisema vile vidudu vya kijani vinaitwa vidukari. Kidukari huchoma jani gonjwa kwa mdomo wake mwembamba kama sindano, akanyonya, kisha akahamia jani zima akalichoma kwa mdomo ule ule, na ugonjwa ukaingia. Wakizidi kubanana, wengine huota mabawa na upepo ukawapeleka shamba la jirani. Ugonjwa wenyewe ni virusi, hauonekani wala haunuki, na hulala ndani ya kiazi, kwa hiyo ukipanda kijiazi cha shina gonjwa umeupanda na ugonjwa. Nilimtazama kwa jicho la pembeni. Sikupenda kwamba mtu mgeni anajua mambo ya ndani ya viazi vyetu.

Nikamuuliza, "Na kiazi kigonjwa kikipandwa juu kabisa, kwenye baridi, katikati ya vizima?"

"Kitabaki na ugonjwa wake, bibi. Vidukari ni wachache sana huko, baridi na mvua na upepo vinawashinda. Hakuna wa kuubeba." Akaongeza kwamba shamba la namna hiyo ni bahati, kwa sababu lingeweza kutoa mbegu safi ya mlima mzima.

Nilirudi nyumbani bila kuaga.

Wakati ule mama hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba ana msimu mmoja. Alipanda darini akateremsha mbegu yote aliyokuwa amebakiza, viazi vikubwa vyenye macho yaliyoanza kuchipua, akavinyofoa machipukizi akavitia chunguni. Tulivila siku baada ya siku hadi vikaisha. Baba aliuliza mara moja tu, "Mbegu hii?" Mama akamwambia ale. Vilikuwa vitamu, vya unga, vinavyopasuka ganda vyenyewe, na kila tonge nililomeza lilinipa hasira. Sijavila tena viazi kama vile.

Kisha akashika tenga tupu, akashuka kwa mama mdogo. Alisimama mlangoni akasema mbegu yake imeoza yote darini, na kwamba anaomba. Nilimwona mama mdogo akimtazama, nikaona uso wake ukilegea kidogo kidogo. Aliingia ndani akatoka na vijiazi vyake vya mayai ya njiwa, akajaza tenga hadi juu, akampa kwa mikono yote miwili. Majirani nao wakaleta vyao. Sikuwahi kuona watu wakitoa kwa moyo mweupe namna ile.

Tukavipanda kule juu, kwenye ukungu, katika udongo ambao haukuwahi kuambukiza kiazi. Mama alifukia kila shimo kwa uangalifu, kama alivyofanya siku zote.

Majani yalipochomoza yalikuwa yamekunjika. Habari ilishuka haraka, na mama mdogo akapanda mwenyewe kuja kuhakikisha. Alishika jani moja, akalikunjua kwa vidole, likajikunja tena. Akafanya hivyo kwa jani la pili, na la tuta la mbali. Kisha akaketi chini, akaanza kulia, akamshika mama mkono.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba."

Tuliteremka pamoja, wao wawili mbele wakizungumza, mimi nyuma na jembe. Mjomba alikuwa kwenye uzio wake, akamwita mama kwa jina lake la utotoni, akasema karibu. Tulipofika njia panda, mama mdogo akageuka akamsalimia mama mara ya pili, kana kwamba ile ya kwanza haikutosha. Mama akaitikia tena, kwa sauti ile ile. Nyumbani hatukuwa na kitu cha kupika.