Kriketi ya Katikati ya Kitabu

Mimi ni kinyozi hapa Durban, na sina mteja ambaye sijamwambia kwamba kule Bukavu nilikuwa mtu wa vitabu. Ndiyo maana Mwalimu Otieno, Mkenya mshabiki wa kriketi anayewinda riwaya za kale za Kiingereza zilizotangulia kuutaja mchezo huo, aliniazima moja aliyoinunua mnadani. "Nisomee, uniambie kama imo."

Ilikaa wiki nzima juu ya friji ya saluni. Jumamosi akaniuliza mbele ya wateja wote: "Ndugu yangu, kriketi umeiona?"

Ningekiri sijasoma? Wapi! "Eish, Mwalimu, pale katikati iko mechi moja mukali sana! Padri alipiga mpira ukavunja dirisha la kanisa!" Wateja wakacheka, nami nikanogewa. Nikaongeza mvua, nikaongeza na bibi harusi.

Mwalimu akakifungua kitabu taratibu. Zamani vitabu vilitoka kiwandani kurasa zikiwa zimeshikana ukingoni, msomaji akazikata mwenyewe. Za katikati zote zilikuwa bado zimeshikana.

Akaninyooshea mkono. "Hebu nipe wembe wako, tumtoe huyo padri."