Uchochoro wa Kwenda kwa Bi Zuhura

Harufu ya saruji mbichi hunirudisha Soweto, Mbeya, nilipokuwa na miaka tisa, kwenye uchochoro uliopita ubavuni mwa nyumba yetu. Haukuwa na uzuri wowote. Masika ulikuwa tope tupu, na siku zote ulinuka majivu na maji ya sabuni. Lakini ulimfikisha bibi yangu kwa rafiki yake kabla magoti hayajaanza kumlalamikia.

Bibi, mama yake baba, alikuwa Mnyakyusa, Mlutheri wa kuimba hata akipepeta mchele. Rafiki yake, Bi Zuhura, alikuwa mjane wa Kiislamu, muuza vitumbua, ambaye wazee wake walitoka pwani. Kila alasiri walikaa barazani kwake wakichambua maharage na kuwasema watu, nami nikijifanya sisikii. Watoto wengine wa Bibi, walioko Rujewa na Iringa, wakipiga simu kumjulia hali, aliwajibu kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, Zuhura yupo.

Kisha viwanja vikapimwa, na wenye nyumba wakaitana kukubaliana njia zipi zibaki. Mmoja alisema vichochoro ni maficho ya wezi, mwingine akasema ni ardhi iliyolala bure. Baba alinyoosha mkono pamoja na wenzake kukubali uchochoro wetu ufungwe. Bibi hakuitwa, kwa kuwa kiwanja hakikuwa chake. Tulipata hatua mbili za ziada, na Jumamosi baba akaanza ukuta. Nilimchotea maji ya kuchanganyia saruji, nikiwa na furaha ya sikukuu.

Bibi alisimama akitazama. "Na mimi nitapita wapi?"

"Utazunguka barabarani, mama. Ni mwendo kidogo tu."

Mwendo huo ulikuwa kushuka hadi kwenye lami, kukwepa bodaboda, kisha kupanda kilima. Bibi alikwenda mara mbili. Mara ya pili aliangukia mtaroni, na hakwenda tena. Bi Zuhura naye miguu ilikuwa imevimba. Nikawa mpeleka salamu.

Mwanzoni nilikwenda kweli. Baadaye nilichoka, nikawa nacheza rede na wenzangu, kisha narudi na salamu nilizotunga mwenyewe. Alhamisi moja nikamwambia Bibi, "Hajambo, anakusalimu sana." Jioni mama akarudi na habari kwamba Bi Zuhura alifariki alfajiri, na ameshazikwa.

Bibi alinitazama. "Alisema nini kingine?" akauliza polepole. Hakunisema kwa mama, wala hakunituma tena popote.

Baba aliupima mwendo ule kwa miguu yake mwenyewe. Hilo nimeshamsamehe, kwani alijenga ukuta mara moja tu. Mimi nilikuwa najenga kila alasiri. Kwa miaka mingi niliamini nilimdanganya Bibi hadi siku ile. Leo nadhani alijua tangu mwanzo, maana alimfahamu Zuhura na alijua asingesema maneno makavu kama yangu. Aliyapokea hivyohivyo, kwa kuwa hakuwa na mengine.