Siku Niliyoombewa Pikipiki Isiyo Yangu

Kuna kituo kimoja cha basi kule Aston, hapa Birmingham, ambacho nikikipita mpaka leo navuta kofia ya jaketi hadi kwenye nyusi, na nikiwa nimekaa dirishani najifanya nimeangusha kitu miguuni, kwa sababu najua kabisa wapo watu wa mtaa ule ambao wakiniona watagusana viwiko na kuulizana, "Si yule mama wa pikipiki?" Ndiye. Ni mimi. Na kwa kuwa mmeshaisikia hadithi hii vipande vipande kutoka kwa wengine, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, afadhali mnisikie mwenyewe, mcheke mara moja tumalizane.

Mnajua mimi ni nesi, na mnajua naenda kazini na kapikipiki kangu kadogo kanakolia kama mashine ya kinyozi. Sasa siku moja wakati wa chai, nikiwa nimeinua miguu juu ya kiti cha pili, nikaona kwenye simu pikipiki ya Kiitaliano, zile za mbio, nyekundu kama pilipili iliyoiva, imetumika lakini imetunzwa, inauzwa huko Aston. Moyo wangu ulifanya jambo ambalo kama ungelifanya moyo wa mgonjwa ningemwita daktari.

Jioni nikamwonyesha mume wangu, Baba Neema. Aliitazama ile picha mpaka akamaliza kipande kizima cha mkate.

"Mama Neema, si wewe ndiye unayewapokea wanaoanguka na hizi?"

"Naenda kuangalia tu."

"Kuangalia tu?"

"Kuangalia tu, haki."

"Sawa. Ila ukirudi nayo usiniulize gari litatengenezwa lini, maana pesa ni zile zile."

Na alisema kweli. Gari letu lilikuwa linawaka likitaka, na Neema alikuwa anapelekwa shuleni na majirani. Kwa hiyo nilipotoka nyumbani Jumamosi ile nilikuwa nimegawanyika katikati: mkono mmoja unashika gari la familia, mwingine unapapasa pilipili.

Hapa ngojeni niwaeleze kidogo, kwa sababu mmoja wenu siku moja atatamani kitu kama hicho na sitaki aogope. Kukagua pikipiki iliyotumika si uchawi. Ukifika, hata kabla salamu hazijaisha, weka kiganja karibu na injini. Ikiwa ina joto, mwenyewe ameiwasha mapema, na huenda anaficha jinsi inavyosumbua ikiwa baridi. Uliza mikanda ya ndani ya injini ilibadilishwa lini, maana hizi za Kiitaliano nyingi zina mikanda ya mpira ambayo huzeeka hata kama pikipiki imelala tu gereji, na mkanda ukikatika barabarani injini inajiharibu yenyewe. Panda juu uone kama miguu inafika chini (yangu ilifika kwa ncha za vidole, nikajiambia viatu vitalainika, sijui viatu kulainika kunarefushaje miguu). Na kubwa kuliko yote, kagua breki. Mimi nilizikagua. Naomba hilo likumbukwe katika kisa hiki: breki nilizikagua na zilikuwa nzuri. Wakati nilipozikagua.

Kosa langu lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Nilikuwa naenda nyumbani kwa mwanamume nisiyemjua, peke yangu, na kama mtu mwenye akili nikamtumia anwani Mama Shiro, kiongozi wa akina mama wa ushirika wetu wa kanisani, ambaye nyumba yake haiko mbali na hapo. Nikaandika, "Nikikawia nipigie." Ningeishia hapo. Lakini mkono ukaongeza, "Na uniombee."

Sasa wewe ukimwambia Mama Shiro akuombee ukadhani ataombea sebuleni kwake, hujamjua.

Mwenye pikipiki alikuwa mzee mmoja aitwaye Keith, mpole, mwenye kofia ya sufu, aliyekuwa akiniita "bab", vile wazee wa Birmingham wanavyomwita mtu yeyote wanayemwonea huruma. Tulikuwa tumeisukuma pikipiki nje, mbele ya nyumba, nami nimechuchumaa nakagua tairi, niliposikia wimbo. Nikainua kichwa. Kwenye kona, wakitembea katikati ya barabara kama harusi, walikuwa wanakuja Mama Shiro na wenzake watatu, leso viunoni, mikoba mabegani.

"Mama Shiro! Bado sijainunua!"

"Imani, Mama Neema. Imani."

"Nimekuja kuangalia tu!"

"Hata Bwana aliangalia kwanza, kisha akasema ni njema. Huyu mzee ameokoka au bado?"

Nikamweleza Keith kwamba ni marafiki zangu na wangependa kuomba kidogo. Nilitarajia akatae. Akavua kofia! Basi tukaizunguka ile pikipiki, mikono juu ya tangi, na tukafumba macho, kama tulivyofunzwa tangu utotoni, kwamba kwenye maombi ukichungulia unatafutwa na fimbo ya mwalimu wa Sunday School. Mimi nilifumba. Keith alifumba. Mama Shiro aliomba mpaka akawataja mafundi wa Italia. Nilisikia sauti yake ikishuka chini, kama mtu anayeinama, ikapita mbele, ikapita nyuma, nikadhani ni unyenyekevu.

"Amina!" Wakanikumbatia, wakasema wanaenda kushika basi la kwenda mjini, wakaenda.

Keith akarudisha kofia kichwani. Bima ya siku moja nilikuwa nimekata, kwa hiyo akanipa ufunguo, lakini akaushikilia kidogo kabla ya kuuachia. "Sheria yangu ni moja tu, bab. Ukiiangusha, ni yako."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Niliwasha. Ilinguruma mpaka kifua kikaitikia. Nikatoka polepole, na ndugu zangu, ukweli ni kwamba kabla sijamaliza mtaa wa kwanza nilishajua jibu. Viganja viliuma, maana umelala mbele kama mtu anayepiga deki. Joto la injini lilikuwa linanichoma mapaja. Shingo ilikuwa inaniuliza umri wangu. Nikasema moyoni, asante, ni nzuri, si yangu. Gari litatengenezwa. Nikahisi wepesi mkubwa, nikaamua kuzunguka tu mtaa nimrudishie mzee chombo chake.

Kwenye kona nilipogusa breki niliiona inakamata kwa upole. Nikajiambia labda ndivyo Waitaliano wanavyopenda.

Mtaa wa pili unateremka hadi barabara kubwa. Mimi si mtu wa mpira, sikujua kwamba siku ile kulikuwa na mechi. Huko chini barabara ilikuwa imejaa mashabiki wanaoelekea uwanjani, mamia, wanavuka ovyo, na katikati yao baba mmoja amembeba mtoto mabegani. Nikavuta breki ya mbele. Mkono wa breki ulikuwa mgumu, unaitika vizuri, lakini pikipiki iliendelea kana kwamba nimemshika mkono mtu mwingine. Nikavuta kwa vidole vyote. Hakuna. Nikakanyaga ya nyuma. Hakuna. Nikaanza kusikia pumzi yangu mwenyewe ndani ya helmeti, na yule mtoto mabegani alikuwa ananitazama mimi moja kwa moja, anapunga mkono.

Nikateremsha gia. Injini ikalia, mwendo ukapungua. Nikateremsha nyingine. Nikabonyeza kitufe chekundu cha kuzima injini nikaiacha gia ikamate tairi, nikashusha miguu nikaburuza viatu juu ya lami, na huku napiga kelele, si kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili, kwa lugha ya mama yangu ambayo Aston nzima hakuna anayeielewa: "Eherai! Eherai!" Yaani ondokeni. Na wakaondoka! Watu wakagawanyika pande mbili kama bahari ya Musa, baba na mtoto wake kulia, mimi kushoto, nikagonga ukingo wa njia ya miguu polepole, mbele kabisa ya kituo cha basi, nikasimama.

Nilisimama, ndiyo. Lakini mguu wangu wa kushoto ulikuwa kwenye mfereji, na pikipiki ikaanza kulala upande ule.

Hapa ndipo aibu ilipokomaa. Ile pikipiki ni nzito kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumgeuza. Ikafika mahali ambapo siwezi kuiinua na siwezi kuiachia, paja linatetemeka, na kichwani sauti ya Keith: ni yako, ni yako, ni yako. Mashabiki walikuwa wameshaelewa kwamba hakuna aliyeumia, kwa hiyo wakatoa simu. Mmoja akaanza kuimba, na wenzake wakaitikia, wimbo wa uwanjani, wakiweka maneno "pikipiki ya mama" kwa lugha yao mahali pa jina la mchezaji.

"Mama Neema!"

Kumbe kituo kile ndipo akina Mama Shiro walipokuwa wakingojea basi.

"Nisaidie, inaanguka! Ikianguka nimeinunua!"

Mama Shiro alitupa mkoba. Akatia mkono mfukoni akatoa kichupa. "Shetani ashindwe!"

"Weka hiyo chupa chini!" Sijawahi kumpigia kelele mtu aliyenizidi umri kiasi kile.

Akaniangalia, akaiangalia pikipiki, na nikaona uso wake ukibadilika kutoka wa maombi kuwa wa kazini. Wale wote wanne ni wahudumu wa wazee na wagonjwa, na sote tumefundishwa jambo moja: mtu anayeanguka humzuii, maana mtavunjika nyote. Unamsindikiza chini.

"Usimshikilie!" akasema. "Mshushe. Wewe kichwani, sisi kiunoni. Leso, haraka!"

Leso zikafunguliwa viunoni zikatandikwa juu ya lami, mbili mbili. Mikono minane ikaingia chini. "Kwa hesabu yangu," akasema, na mimi nikajikuta nasema kwa mazoea, "Tunakulaza sasa, usiogope," nikiiambia pikipiki. Ikashuka polepole kama bibi harusi anayekaa, ikalala juu ya leso. Kituo kizima kikapiga makofi.

Keith alifika anahema, amefuata zile kelele. Tuliinyanyua tena kwa mtindo ule ule, akaizunguka, akachunguza bodi, kioo, mikono ya usukani. Hakuna hata mkwaruzo.

"Imeanguka," akasema.

"Haijaanguka," Mama Shiro akamjibu kwa Kiingereza chake cha polepole. "Imelazwa. Mtu akilala kitandani utasema ameanguka?"

Keith akafikiri. Mwishowe akakubali kwa kichwa, kisha akainama penye gurudumu la mbele, akapitisha kidole kwenye ile sahani ya chuma ambayo breki huibana, akakinusa, akakilamba.

"Mafuta ya zeituni?"

Akina mama wote wanne wakatazama basi linalokuja.

Mama Shiro ndiye aliyejibu, na sauti ilikuwa ndogo. "Gari tukiliombea huwa tunalipaka mafuta magurudumuni. Ndiyo miguu yake. Na hiki chuma kiling'aa, nikadhani ni pambo." Kwenye gari breki zimejificha nyuma ya rimu, mafuta hayazifikii. Kwenye pikipiki ziko uchi. Alizipaka zote, kulia na kushoto, mbele na nyuma, bila uchoyo.

Nilimlipia Keith pedi mpya za breki, na tukasukuma pikipiki kurudi kwake mimi na akina mama, tukiwa watano. Nilienda nyumbani kwa basi nikiwa na nguo zote za pikipiki na helmeti mapajani. Baba Neema alifungua mlango, akatazama nyuma yangu, akanitazama mimi.

"Umeangalia?"

"Nimeangalia."

"Mbona unanukia saladi?"

Sitaacha kuombewa, msinielewe vibaya, na nyinyi msiogope pikipiki kwa sababu yangu. Lakini nimeapa kwamba chombo chenye magurudumu kikiombewa mbele yangu, jicho moja litabaki wazi. Juzi baada ya ibada, kule Sparkhill, kulikuwa na gari jipya la wanandoa vijana, nikaambiwa mimi niongoze maombi. Tukafumba. Mimi nikafungua la kushoto kidogo tu, na ng'ambo ya boneti nikakutana na jicho moja la Mama Shiro, limenikazia. Kichupa kilikuwa mkononi. Tukatazamana. Akadondosha tone moja juu ya paa, basi.

Nilingoja mpaka akafunga kizibo, ndipo nikasema amina.