Vitone Kumi na Vinane

Fwaa. Hivyo ndivyo lilivyopasuka jiwe la nne, na Badawi Muhdhar hakuisahau sauti ile mpaka uzeeni. Matatu ya kwanza yalilia ta!, kama zege zuri linavyolia mashine inapolibana hadi likashindwa. La nne halikulia. Lilishusha pumzi, likamwaga unga wake juu ya bamba la chuma, na mshale ukasimama kwenye ratili elfu mbili na mia tatu kwa kila inchi mraba. Lilitakiwa libebe elfu tatu.

Ilikuwa Jumatatu, mwisho wa Januari 1967, jua la kaskazi limeyakalia mabati ya maabara kule Makupa. Mawe yale yalikuwa vipande vya zege, inchi sita kila upande, yaliyotoka kwenye madrasa mpya ya wasichana ya Kibokoni. Ndivyo kazi ilivyokuwa ikifanywa: siku fundi anapomwaga sakafu ya juu, hulijaza zege lilo hilo katika vibweta vya chuma. Mawe yakishika hulazwa majini siku ishirini na nane, kisha huletwa yavunjwe, ili nguvu ya sakafu ijulikane bila kuivunja sakafu yenyewe.

Badawi alikuwa na miaka thelathini na minne, mtoto wa mshona kofia wa Mji wa Kale, mtu wa sauti ya chini na shati lililopigwa pasi. Aliingia maabara ile akiwa mfagiaji. Miaka minane baadaye ndiye aliyeshika mashine, na sahihi yake ndiyo iliyotangulia kwenye kila cheti. Mkuu wake, Seth, mtu wa bara aliyesomea Kampala, alimpa kitabu cha hesabu za vipimo. Badawi akakisoma barazani mpaka jalada likang'oka. Sura aliyoipenda ni ile ya mtawanyiko, yaani namna namba zinavyokaa karibu na wastani wake au mbali nao.

"Ukisema nyumba hii kwa wastani yavaa kiatu namba saba," alimweleza mkewe, Mwanaesha, "mtoto kitampwaya, mimi kitanibana."

"Na mimi?" Mwanaesha akamrudi. "Miaka kumi ya ndoa, hata namba ya kiatu changu huijui."

Jumanne yalivunjwa mawe sita mengine, Jumatano sita ya mwisho. Seth akajumlisha, akagawa, akaweka kalamu chini.

"Elfu tatu mia moja na hamsini. Imepita. Tia sahihi, Badawi. Kesho alasiri wanaondoa nguzo za muda zinazoishikilia sakafu, Jumamosi watoto wanaingia."

Badawi hakuishika kalamu. Mbele yake palikuwa na karatasi aliyoichora mstari mmoja mrefu, na juu ya mstari vitone kumi na vinane, kila jiwe na kitone chake. Vitone tisa vilisongamana karibu na elfu nne. Tisa vilisongamana karibu na elfu mbili na mia tatu. Katikati, pale penye wastani wa Seth, hapakuwa na hata kimoja.

"Bwana Seth, jiwe la elfu tatu mia moja na hamsini hatujaliona. Hili si zege moja. Ni mazege mawili."

"Wastani ndio unaoulizwa."

"Wastani haukaliwi na mtu. Na tazama namba mafundi walizopaka kwenye mawe, kwa mpango wa kumwaga: matatu yana nguvu, matatu dhaifu, matatu yana nguvu, matatu dhaifu. Siku tatu mfululizo. Bahati haiendi hivyo."

Seth aliivuta karatasi karibu. "Sababu ni nini?"

"Sijaijua."

"Basi nitafutie kabla ya kesho saa sita. Bila sababu siwezi kumzuia Abdulhalim. Jengo ni lake na haraka ni yake."

Badawi alitoka bila hamu ya kufika aendako, kwa maana msimamizi wa mafundi wa Kibokoni alikuwa Gharib, kaka yake Mwanaesha.

Alimkuta chini ya sakafu yenyewe, kati ya nguzo za boriti zilizosimama wima kuibeba. Gharib akacheka kumwona.

"Shemeji! Umekuja kunibana kwenye mashine yako?"

"Nimekuja kuuliza. Zege la asubuhi na la alasiri, mlilichanganya namna moja?"

Kicheko kikakatika. "Nani kasema neno?"

"Mawe yako."

"Mawe yana ulimi siku hizi? Badawi, mimi nimejenga tangu wewe washika ufagio. Waniita mwizi wa simiti?"

"Simiti haikuibiwa. Nauliza maji. Yakizidi, zege huwa dhaifu."

Gharib aliwatazama vijana wake, akamvuta shemejiye hadi ukutani. Sauti ilipotoka ilikuwa ya mtu mwingine.

"Ilikuwa Ramadhani. Asubuhi mhandisi yuko, watu wana nguvu, twapima maji kwa debe. Ikifika alasiri, midomo imekauka, makoleo hayapindui. Chonga, kijana wangu mmoja, alianguka pale, na saumu yake. Nikawaambia ongezeni debe moja, zege lilainike, tumalize tukafuturu. Ilikuwa huruma, Badawi. Haki ya Mungu, ilikuwa huruma."

"Upande gani ulimwagwa alasiri?"

Gharib alinyoosha mkono. Nusu yote ya magharibi, siku tatu, kuanzia mlangoni hadi dirishani.

"Kesho uje umwambie Seth."

"Nikisema nimekwisha. Nani Mombasa hii atanipa tena jengo?"

"Na usiposema?"

Gharib alirudi kwa vijana wake.

Alhamisi saa sita Gharib hakuonekana. Badawi alimweleza Seth mwenyewe. Seth alikuwa bado anamsikiliza, simu ikalia: Abdulhalim hakungoja cheti, nguzo zilikuwa zimeanza kutolewa. Walipanda gari la maabara, na Badawi hakukumbuka baadaye njia waliyopita.

Kibokoni walikuta nguzo nne zimelala uani. Vijana wawili, nyundo mikononi, walikuwa wameielekea ya tano, upande wa magharibi. Gharib alisimama kando, uso umemsawijika.

"Acheni!" Seth akapiga kelele.

Abdulhalim alitoka kivulini, mtu mnene wa kanzu nyeupe, hana ubaya, ila ameshaalika watu. Alisikiliza habari ya mawe, akaonyeshwa vitone tisa na tisa, kisha akamgeukia Badawi.

"Wewe ni mtoto wa mtaa huu, babako namjua. Niambie kwa Kiswahili, si kwa vitone. Sakafu hii itaanguka?"

"Nusu yake haina nguvu iliyotakiwa, Bwana Abdulhalim."

"Sikuuliza hilo. Itaanguka? Apa. Sema wallahi itaanguka, nami naivunja leo."

Kuapa, mbele ya madrasa, kwa jambo lisilojulikana! Vitone vilimwambia hatari ilikuwa kubwa kuliko inavyostahili. Havikumwambia zaidi ya hapo.

"Siwezi kuapa," akasema.

Mtu mmoja akacheka. Abdulhalim akainua mkono kuwaashiria vijana.

"Na wewe, bwana," Badawi akasema, "waweza kuapa kuwa haitaanguka? Watoto mia na ishirini, wengine juu, wengine chini yao. Apa, nami natia sahihi sasa hivi."

Mkono wa Abdulhalim ulibaki hewani. Nyundo zilikuwa zimeinuliwa, boriti ya tano imetoa ukelele mdogo.

Ndipo Gharib alipoingia chini ya sakafu. Alipita kati ya vijana, akaikumbatia ile boriti kwa mikono miwili.

"Maji niliongeza mimi," akasema, macho chini. "Kila alasiri, debe zima. Mtu asiapie kazi yangu."

Abdulhalim aliushusha mkono polepole. Alimtazama Gharib, akaitazama sakafu juu ya kichwa cha Gharib. "Toka hapo chini," akasema hatimaye. "Toka, mtu wa Mungu, usije ukaniulia moyo." Kisha, kwa vijana: "Rudisheni nguzo."

Ufunguzi uliahirishwa. Gharib aliondolewa usimamizi siku ile ile, ila aliomba jambo moja, akapewa: kuwa miongoni mwa watakaoivunja nusu ya magharibi. Jumatatu Badawi alikwenda kuangalia. Nyundo zilikuwa zikidunda. Zege lile dhaifu liliwashinda wanaume sita kwa saa nzima kabla ya kuachia pande la kwanza.

Gharib alishuka ngazini, vumbi mpaka kwenye kope. Alikaa juu ya kifusi, hakumtazama shemejiye.

"Umeona lilivyo gumu? Niambie kweli, Badawi. Lingekaa?"

Badawi alikaa karibu naye. Uani, wasichana wawili waliokuja kuchungulia walikuwa wakifukuzwa na mwalimu wao.

"Sijui, shemeji," akasema, kwa sauti ambayo Gharib aliinama kuisikia. "Na sikutaka tujue."