Jiwe la Mlangoni kwa Shemeji Teenie

Haya ninayoyaleta hutayaamini, na sikulaumu, maana mimi mwenyewe nilipoyaona nilijifinya kwanza. Lakini hapa mjini Pitgarvie tupo watu wazima watatu tulioyashuhudia, na mmoja wao ni mimi, Dauvit Geddie, mtu ambaye hajawahi kusema uongo siku ya Jumapili kabla ya ibada.

Teenie ni mjane wa kaka yangu Alec. Ana miaka sabini na minne, na magoti yake hulia kama bawaba kavu. Miaka thelathini alioka pai za nyama ya kondoo katika duka la mkate la Barabara Kuu, na mpaka leo akikupa mkono unasikia harufu ya pilipili manga. Kila asubuhi kabla hajagusa chai hupiga magoti nje na ndoo, akasugua jiwe la mlangoni, lile la kukanyagia ukiingia, kisha akalipaka udongo mweupe mpaka linameta. Kwetu mwanamke hajulikani kwa uso, anajulikana kwa jiwe la mlangoni pake. Hata asubuhi tuliyomzika Alec alilipaka kwanza, ndipo akavaa kofia nyeusi.

Sasa, masika yaliyopita chama cha mji kilitengeneza matembezi ya kusikiliza. Mgeni anakwenda maktaba, anaazimwa kimashine na vitu vya kuchomeka masikioni, anatembea mwenyewe, na kila penye namba sauti inamsimulia yaliyotokea hapo. Sauti hiyo ni yangu. Walitafuta mtu mwenye sauti nzito na kumbukumbu ndefu, wakanipata mimi, na katika hayo mawili moja ninalo kweli.

Shida ilikuwa kituo cha saba. Cha sita ni gereza la kale, cha nane ni kanisa, na katikati hapo kuna mtaa mrefu ambao hapajawahi kutokea kitu tangu dunia iumbwe. Wakaniomba niwatafutie chochote. Nikalikumbuka jiwe la shemeji, jeupe, la zamani, na lisilo na mdomo wa kunikanusha. Nikaishusha sauti kidogo, nikakiambia kile kimashine:

"Chini ya miguu yako, mgeni, ni jiwe la kaburi lililolazwa kifudifudi. Mwanamke wa nyumba hii hulipaka udongo mweupe kila asubuhi, ili aliyemo asiamke."

Hakuna aliyeniuliza nimelitoa wapi. Na kwetu mwenyeji haazimi mashine ya kuelezwa mji aliozaliwa, kwa hiyo nikalala usingizi wangu.

Teenie ndiye aliyekosa usingizi. Akiwa nyuma ya pazia aliwaona wageni wanafika, wanasimama, wanaliangalia jiwe, halafu wanainua macho dirishani kwake kwa huruma. Mmoja alivua kofia. Mwanamke mwingine alifanya ishara ya msalaba, jambo ambalo katika mtaa wetu halijaonekana tangu Wakatoliki walipofukuzwa. Shemeji akapigwa na butwaa. Alifikiri neno moja tu, lile ambalo mwanamke wa hapa angelifikiri: jiwe lake ni chafu. Akaanza kulipaka mara mbili kwa siku, kisha mara tatu, na magoti yale. Kadiri lilivyozidi kuwa jeupe ndivyo wageni walivyozidi kuvua kofia.

Jumanne moja ya ukungu akavaa koti la kanisani, akaenda maktaba, akaazima mashine. Msichana wa maktaba alicheka, akadhani bibi anatania. Teenie akaanza kituo cha kwanza, kwa sababu si mtu wa kuanza kitu katikati. Kwenye soko akanisikia, gerezani akanisikia, mpaka akafika kwake mwenyewe, akasimama mbele ya mlango wake kama mgeni, akasikia shemeji yake anamwambia amekaa miaka hamsini na mmoja akimkandamiza maiti.

Nilimkuta saa nane mchana. Sikumkuta mlangoni. Nilikuta miguu miwili, soksi za sufu, ikining'inia nje ya dirisha la jikoni upande wa uani, juu ya sanduku la makaa. Alikuwa anaingia kwake kwa dirisha. Nimeona mengi, lakini hilo sikuwahi. Mwanamke yule hajawahi hata kuchungulia dirisha la mtu.

Nikamshika visigino nikamsukuma ndani, nikamfuata, na alipotaka kunimiminia chai ikamwagika yote mezani. Akaniambia amekwisha kumpigia simu binti yake Rhona kule Perth. Jumamosi anahama. Hawezi kukanyaga kichwa cha mtu wa watu, na hawezi kuzeeka akiingia kwa dirisha kama paka. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikaangalia kiti cha Alec, nikaona kitabaki katika nyumba isiyo na mtu, na uliomtoa mtu ni mdomo wangu.

Basi nikakiri. Nikasema nilibuni, hakuna kaburi, ni jiwe kama mawe mengine.

"Shemeji," akasema, "wewe ukisema uongo nakuamini. Ukisema kweli ndipo ninapopata shaka. Sasa hili ni lipi?"

Ilibaki njia moja tu, kuling'oa lile jiwe aone kwa macho yake.

Ijumaa asubuhi akaja Archie Meldrum, mwashi, mtu wa maneno matano kwa wiki, na mtaimbo wake. Teenie alisimama barabarani na koti la safari. Mimi nilikuwa natabasamu, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa na uhakika wa jambo. Archie akaingiza mtaimbo, jiwe likanguruma, likainuka, likaegemea ukuta. Akafuta udongo kwa kiganja. Mkono wake ukasimama.

Kulikuwa na maandishi.

Nikaketi kwenye ndoo. Juu palichongwa mkasi mkubwa, na chini yake: John Geddie, mshona nguo, na mkewe Eupham Torrie, 1741.

Teenie akaingia ndani, na kwa vile pale mlangoni sasa palikuwa na shimo la mchanga mtupu, bila hata mfupa, aliliruka kama msichana. Akatoka na Biblia ya ukoo wetu aliyoachiwa Alec. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, majina ni hayo hayo mawili. John Geddie ambaye maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba alikuwa nahodha.

"Miaka hamsini na mmoja," akasema Teenie polepole, "namsugua mkwe wangu mgongo." Akaufuata ule mkasi kwa kidole. "Na hajalalamika hata siku moja. Alec nikimgusa na mkono wa baridi alipiga kelele mtaa mzima."

Kisha akavua koti. Akasema angekuwa mgeni angemhama, lakini huyu ni wetu, asimamishwe uani ukutani apate jua, na Archie amletee jiwe jingine kabla ya asubuhi. Kwa sharti moja: kituo cha saba kisemwe upya, kweli tupu, na yeye akiwa amekaa karibu yangu.

Ndiyo maana Jumatatu tulikuwa maktaba, mimi mbele ya mashine, yeye kando na mkoba mapajani. Nikasema yote, mshona nguo, mkasi, hata dirisha. Nilikuwa naenda vizuri sana. Nikafika mahali pa kuling'oa jiwe, na sauti yenyewe ikashuka: "Lilikuwa na uzito wa fahali wawili, wasikilizaji, mtaimbo ukapinda, Archie akachoka, basi mimi peke yangu, kwa mikono hii, nikaliinua hadi begani na—"

"Shemeji. Ulikuwa umeshika kofia ya Archie."